Samaki Kumi na Mmoja wa Tanki la Burgao

Kila mwaka lazima nipigiwe simu na kijana mmoja au wawili wenye shahada ya uzamivu. Huyu amesomea vimelea vya ngamia, yule miti ya mikoko, mwingine vijidudu ambavyo hata majina yake hunishinda kutamka. Shida yao wote ni moja: chuo kikuu hakina nafasi. Ameomba huku, ameomba kule, amefundisha vipindi vya kuokoteza miaka mitatu, na sasa wakwe wameanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Husema, "Mwalimu, nimeambiwa nawe ulisoma hivi na hukuendelea kufundisha. Ulifanyaje?" Mimi nina hasira za karibu. Humjibu, "Mimi nilifukuzwa na bunduki. Wewe umefukuzwa na nini?" Halafu hujuta, maana swali lake ni la haki, na nilikuwa nalo mimi kabla hajazaliwa. Ninayoyaandika hapa ndiyo jibu ambalo sijapata kulimaliza kwenye simu. Kila nikifika mahali fulani hujifanya mtandao umekatika.

Mimi ni mtu wa Kudhaa, kisiwa cha Wabajuni kusini mwa Somalia. Baba yangu alikuwa akiunda mashua na alitaka nimrithi, lakini nilikuwa na mkono mbovu wa randa na jicho zuri la kutazama vitu vidogo. Nikapelekwa Kismayo kusoma, kutoka hapo Mogadishu, kutoka hapo Italia. Huko nilikaa miaka saba, na minne ya mwisho niliimalizia kwenye mashavu ya samaki, yale mekundu ya ndani anayovutia pumzi. Nilitaka kujua samaki wadogo wa horini, panapokutana mto na bahari, ambao asubuhi wamo kwenye maji ya chumvi na jioni kwenye maji baridi, mashavu yao hustahimili vipi. Watu wa Kudhaa waliposikia walicheka mpaka wakakaa chini. Mtu atoke kisiwa ambacho mtoto anajua samaki kabla hajajua kutembea, avuke bahari akafundishwe samaki! Mama peke yake hakucheka. Alisema nikirudi nitakuwa mwalimu wa chuo kikuu, na mwalimu wa chuo kikuu hachekwi.

Nilirudi, nikafundisha muhula mmoja na nusu Mogadishu. Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na moja vita vikaingia mjini, na chuo kikawa kambi ya watu wenye silaha. Nikateremka Kismayo kwa mama na dada yangu mkubwa. Kismayo nayo ikawa inabadilisha wenyewe kila baada ya miezi michache, na kila mwenyewe mpya alianza kwa kutuibia sisi, kwa kuwa Wabajuni hatukuwa na jeshi la kututetea. Tukakimbilia Kudhaa. Wakatufuata hata huko, wakachukua injini za mashua, nyavu, dhahabu za masikioni, mpaka masufuria. Kijana mmoja mwenye bunduki aliufungua mfuko wangu akakuta kitabu cha utafiti wangu, kurasa mia mbili na zaidi. Alikipekua ukurasa kwa ukurasa akitafuta dola, kisha akanirudishia mkononi kwa adabu kabisa. Katika mali yote ya nyumba yetu, hicho tu ndicho ambacho hata mwizi hakukitaka.

Kwa hiyo tulipofika Burgao tukiwa njiani kwenda Kenya, tulikuwa watu wanne na mfuko mmoja: mama, dada, binti yake wa miaka miwili, na mimi. Shemeji alikuwa ametangulia Kenya kututafutia pa kukaa. Burgao ni bandari ndogo ya wavuvi kusini ya Kismayo, na siku zile ilikuwa imejaa watu kuliko uwezo wake, kila mmoja akingoja chombo cha kumvusha mpaka. Tukajenga kibanda cha makuti na maturubai. Nikakaa chini nikaandika barua sita, zote kwa vyuo vikuu, zote zikianza na maneno "Kwa heshima kubwa". Sikuwa na mahali pa kuzitia posta, lakini ziliponisaidia ni kwamba nikiziandika nilijiona bado ni mtu.

Wiki ya pili shirika moja la misaada likaleta tanki la maji. Lilikuwa la mabati ya kufungwa kwa skrubu, linaloweza kufunguliwa na kukunjwa, duara, na ndani limetandikwa mpira mzito, juu lina mfuniko na ubavuni bomba sita. Pamoja nalo alikuja fundi wa maji, Mkenya wa bara, mtu mrefu mwenye Kiswahili cha haraka na suruali ya mifuko mingi. Alitafuta mtu wa kumsaidia anayejua lugha za watu waliokuwapo.

"Unajua kusoma?" akaniuliza.

Nikaona nimetukanwa. "Nina shahada ya uzamivu, bwana."

"Ya nini?"

"Ya mashavu ya samaki."

Alinitazama kuhakikisha kama namtania. "Sasa hapa, ndugu, kuna maji bila samaki. Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Ujira ulikuwa unga na mafuta, na kwa watu wanne wenye njaa hilo si jambo la kufikiri mara mbili. Lakini nitasema ukweli: niliona aibu. Kila akipita mtu anayenijua kutoka Mogadishu nilizunguka upande wa pili wa tanki. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Maji yalivutwa kwa injini kutoka kisima kirefu. Nilipima unga wa klorini kwa kijiko, nikaukoroga kwenye ndoo, nikaumimina tankini, nikangoja nusu saa. Kisha nilichota kidogo kwenye chupa na kutia kidonge ambacho, dawa ikitosha, hugeuza maji yakawa rangi ya waridi. Fundi alinionyesha mara moja tu, mara ya pili nikamrekebisha yeye hesabu. Alicheka akanipa kijiko kiwe changu.

Siku ya kwanza ya kugawa, wanawake walikuja na madumu yao, wakasimama, wakalitazama tanki, na hawakuchota.

"Tangi hili, samaki zake zi wapi?" akauliza mmoja.

Fundi alidhani wanauliza chakula. Mimi nilielewa. Kwetu visiwani kila msikiti una birika la maji, na kila birika lina samaki wake wadogo. Wanakula viluwiluwi vya mbu, na zaidi ya hapo ni ushahidi: samaki akiogelea, maji ni salama. Birika jipya halinywewi mpaka lisomewe dua na litiwe samaki. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, ni kama kupiga hodi tu, hufanywa. Na watu hawa hawakuwa wakidekeza mila kwa raha. Kismayo tulikotoka, kisima cha mtaa wetu kilitiwa mzoga wa punda na watu waliotaka tuhame. Mtu aliyeona hivyo haulizi bure samaki wako wapi.

Mama yangu alikuwa kwenye foleni. Akanigeukia mbele ya wote. "Mai yasokuwa na samaki ni mai ya nani? Nenda kawatwae birikani."

Nikaenda. Msikiti wa zamani wa Burgao ulikuwa umebaki kuta, lakini birika lake lilikuwa zima. Nilinasa samaki kumi na mmoja kwa kitambaa cha kilemba, nikawatia chunguni, nikarudi nao nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu Mogadishu. Maalim mmoja wa Kurani akasoma dua. Watu wakaitikia amin. Nikapanda ngazi, nikafunua mfuniko, nikawamimina mmoja mmoja huku nikiwahesabu kwa sauti. Wanawake walipiga vigelegele na madumu yakaanza kujaa. Fundi alikuwa upande wa injini, hakuona. Jioni hiyo nilikula ugali nikiandika barua ya saba.

Asubuhi nikafungua mfuniko mbele ya foleni, kusudi waone. Samaki wote kumi na mmoja walikuwa wanaelea matumbo juu.

Ngoja nieleze hapa kosa langu lote, nisije nikalipunguza. Klorini huua samaki. Huunguza mashavu yao, na mashavu ni ngozi nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Mimi nilijua hivyo kuliko mtu yeyote katika pwani nzima. Italia, kila siku kwa miaka minne, nilikuwa nakinga maji ya bomba kwenye mabeseni na kuyaacha siku nzima yatokwe na dawa kabla sijamtia samaki hata mmoja. Mlinzi wa jengo alikuwa akinitania kwamba nalaza maji. Burgao niliitia dawa tankini kwa mkono wangu asubuhi, na alasiri nikatia samaki kwa mkono uleule. Ya Italia niliyaacha Italia. Nilipopanda ile ngazi nilikuwa mtoto wa Kudhaa anayefanya alichoagizwa na mama yake, na kile kichwa chenye shahada kilikuwa kwenye barua.

"Mai haya yana sumu!" mwanamke wa mbele akapiga ukelele. "Mchu asinywe!"

Madumu yakamwagwa pale pale. Nikapiga kelele kwamba si sumu, kwamba ni dawa, kwamba mimi ni msomi na nawahakikishia. Hakuna aliyegeuka. Kufika adhuhuri Burgao nzima ilikuwa imerudi kwenye visima vifupi vya ukingoni, chini ya vichaka ambamo watu wote hawa walikuwa wakienda haja.

Fundi alikuja akamtoa samaki mmoja kwa kidole na kumlaza kwenye kiganja. "Wewe si ndiye daktari wa samaki?" akaniuliza. Hakuwa anadhihaki. Alitaka kujua kweli. Nilimwomba asiwaambie watu kwamba niliyewatia ni mimi na dawa niliitia mimi, kana kwamba hawakuniona. Naandika hilo kwa sababu nalo lilikuwa kweli: siku hiyo nilichokiogopa zaidi ni kuchekwa.

Siku ya nne kuhara kukaanza. Vibanda vya upande wa chini vilianza, kisha vya kati. Kila asubuhi nilitia dawa kwenye tanki lililojaa, nikapima, nikapata rangi ya waridi, nikakaa peke yangu. Fundi akaniambia mashua ya shirika inarudi Jumamosi. Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na maelfu wasio na maji, na kama hapa hawanywi ameagizwa alikunje tanki alipeleke huko. "Na wewe njoo nami," akasema. "Nairobi namjua mhadhiri wa elimu ya wanyama. Nitampa barua yako mkononi." Nilimpa barua. Moyo ulinidunda kwa furaha, na wakati huohuo nilikuwa nawasikia watoto wanalia vibandani. Sijui mtu anawezaje kubeba yote mawili kwa pamoja, lakini nilibeba.

Jumatano binti wa dada yangu akashikwa.

Alikuwa mtoto mcheshi, mwenye tabia ya kukaa juu ya mguu wangu nikiandika na kunishika kalamu. Kufika Alhamisi asubuhi macho yalikuwa yameingia ndani na ukimfinya ngozi ya tumbo ilibaki imesimama. Nilijua cha kufanya. Nikakimbia tankini, nikachota maji, nikakoroga chumvi na sukari kwa vipimo, nikarudi na kikombe. Dada alikuwa amempakata mtoto mlangoni. Akaninyooshea mkono nisimame.

"Umeyatoa wapi mai?"

"Tankini, dada."

"Mai yameua samaki kumi na moya, nami nimpe mwanangu?"

"Dada, nimesoma haya. Ndiyo kazi yangu. Niamini."

"Nakuuliza, yaliwaua au hayakuwaua?"

"Yaliwaua. Lakini mtoto si samaki. Niamini mimi, dada, nimesoma."

Mara mbili nilisema nimesoma. Niliposogea akakipiga kikombe kikamwagika mchangani. Akampa mtoto maji aliyokuwa nayo, ya kisima cha ukingoni, kwa mapenzi yote ya mama, kijiko kwa kijiko. Alasiri mtoto akafa mikononi mwake. Tukamzika kabla ya magharibi kwenye mchanga nyuma ya msikiti. Nilishuka kaburini mimi, kwa kuwa baba yake hakuwapo, nikampokea. Alikuwa mwepesi sana. Nililia kwa sauti na sikujali nani ananiona.

Hapa ndipo hujifanya mtandao umekatika.

Nilipotoka kaburini, kabla hata ya kunawa udongo, nilikwenda kwa fundi. Nikamwambia tanki halikunjwi. Akasema, ndugu yangu, pole sana, lakini nimepewa amri. Nikasema Jumamosi bado, nipe mpaka Jumamosi, na kama unataka kulikunja kabla ya hapo utanikunja nalo. Sijawahi kuzungumza na mtu hivyo maishani. Akanitazama mikono, akasema sawa.

Ijumaa baada ya sala nikasimama mbele ya watu. Nilikuwa nimezoea kusimama mbele ya wanafunzi, nina ubao nyuma na chaki mkononi. Hapo sikuwa na kitu. Nikasema, "Samaki wale niliwaua mimi. Dawa niliitia mimi asubuhi, samaki nikawatia mimi alasiri, na nilijua dawa ile huua samaki. Nilisahau. Nimenyamaza siku saba kwa sababu ya aibu, na mnajua jana nimemzika nani." Mzee mmoja akaondoka. Wengine nao wangeondoka, lakini mama yangu alikuwa amekaa mstari wa mbele wa wanawake na hakuinuka, na si rahisi mtu kuondoka mbele ya bibi aliyefiwa jana.

Nikaleta mabeseni mawili. Nikachota maji ya tanki mbele yao nikayajaza yote mawili. Beseni la kwanza nikatia samaki wawili niliowanasa upya birikani. Nusu saa haikuisha wakaanza kuhemea juu, kisha wakalala ubavu. Ukasikika mnong'ono wa hasira. Beseni la pili sikulitia kitu. Nikaliweka juani, nikachukua kikombe, nikawa nachota maji na kuyamimina humohumo kutoka juu, nachota na kumimina, kama mtu anayepoza chai. Nikawaambia, "Maji ni yaleyale. Kesho wakati huu nitatia samaki. Wanaotaka kulinda nisiyabadilishe, walinde."

Walilinda. Nilidhani watacheka, lakini walipanga zamu. Wanawake wanne walikaa kulizunguka beseni hadi jua lilipotua, na mama akatandika mkeka akasema yeye haendi popote. Mtu mmoja alikuja akachungulia akasema huu ni uchawi wa Ulaya. Mama akamwambia kama ni uchawi basi ni uchawi wa kijinga sana, kumimina maji kwenye beseni hilohilo kutwa nzima. Ndiyo mara ya kwanza watu walicheka tangu samaki wafe. Nilimimina mpaka kiwiko kikavimba. Dada hakuja. Alikuwa kibandani, na kila nilipopeleka chakula alinigeuzia mgongo.

Jumamosi, baada ya adhuhuri, nikatia samaki wawili. Burgao nzima ilikuwa imesimama pale, wengine wamepanda juu ya mitumbwi iliyopinduliwa. Samaki walizama, wakatulia chini kidogo. Kisha mmoja akaanza kuzunguka ukingo wa beseni, na mwenzake akamfuata. Tukawatazama nusu saa. Tukawatazama saa nzima. Hakuna aliyelala ubavu.

"Kwa hivo dawa ile huenda zake," mama akasema.

"Huenda zake, mama. Jua na upepo huimaliza. Na ndani ya tumbo la mtu huisha kabla haijafika popote. Samaki ndiye anayeionja kila pumzi, siku nzima, ndiyo maana humuua."

"Na wadudu wa tumbo?"

"Huwaua hao kwanza."

Mama akawatazama tena samaki wale. Kisha akasema, bila kupaza sauti, lakini watu wote walisikia: "Basi ungenena, mwanangu. Miaka yote ile ya kusoma, hukufunzwa kunena?"

Akainuka, akachukua dumu lake, akaenda bombani akafungua maji. Wanawake wa zamu ya beseni walimfuata. Wengine walingoja hadi Jumapili, na wengine mpaka walipoona wa kwanza hawajafa. Sikumlaumu yeyote.

Mashua ya shirika ilifika Jumamosi hiyo hiyo jioni. Fundi aliandika kwenye karatasi yake kwamba tanki linabaki, akanikabidhi ndoo mbili za klorini na sanduku la vidonge. Akaniuliza mara ya mwisho kama siji. Nikamwambia aende na barua, mimi nina foleni. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Baadaye nilisikia kwamba yule mhadhiri aliipokea barua na alisema nafasi ingepatikana kama ningefika mwenyewe. Sitadanganya kwamba hilo halikuniuma. Liliniuma miaka mingi, hasa nikisikia mtu anaitwa profesa.

Lakini kazi nilikuwa nayo. Nililinda tanki la Burgao mpaka sote tulipovuka, kisha tanki jingine kwenye kambi upande wa Kenya, kisha visima, kisha nikaitwa kufundisha wanaopima maji, na hadi leo ndiyo ninayofanya, Mombasa na popote wanaponiita. Mashavu ya samaki hayakupotea bure. Sijui mtu mwingine anayeweza kukueleza kwa nini klorini humwua samaki na kumwacha bibi yako, na kukueleza kwa namna ambayo bibi yako ataikubali. Nikiulizwa na hawa vijana wa simu hilo ndilo huwaambia: usiulize shahada yako inafaa chuo gani. Uliza ni nani anakosea kitu ambacho wewe unakijua, na je, umekwenda kumwambia?

Wananiambia asante, mwalimu, na naona hawajaridhika. Wanataka jina la kampuni. Basi na wasome hili la mwisho, ambalo sijamwambia mtu.

Siku ya kumi baada ya mazishi dada yangu alikuja tankini. Ilikuwa mchana, foleni imekwisha, nami nasafisha bomba. Hakuwa na ndoo wala dumu. Alikuwa na kanga ya msiba, amekonda mpaka vifundo vya mikono vimejitokeza. Alikaa juu ya jiwe la ngazi.

"Nambia," akasema. "Yale uliyowaambia wachu. Mimi sikuwapo."

Nikaacha bomba, nikakaa chini mbele yake. Nikamweleza. Nikamwambia samaki hanywi maji tu, anayapumua, na mashavu yake ni mapana yakikunjuliwa kuliko mwili wake mzima, na ngozi yake ni nyembamba, kwa hiyo dawa kidogo mno humuunguza. Nikamwambia mtu hapumui maji, huyanywa, na mate na tumbo humaliza dawa hiyo upesi. Nikamwambia wadudu wa kuhara ni wadogo kuliko samaki mara nyingi sana, hivyo dawa inayomtosha samaki huwatosha wao kabla yake. Aliuliza maswali mawili, yote mazuri, na mojawapo niliulizwa na maprofesa siku ya kutetea shahada yangu. Nikamjibu. Akafikiri.

"Nambia tena," akasema, na nikamwambia tena, na safari hii alinitangulia sehemu za mwisho.

"Ni haya tu?"

"Ni haya tu, dada."

Alitazama upande wa msikiti, kisha akanitazama mimi. Hakulia na hakupaza sauti.

"Haya hayakuchukua hata muda wa kuchemsha chai," akasema. "Ungeniambia haya siku ile, ningempa."

Nikasema, "Najua, dada."

Alikaa pale mpaka foleni ya alasiri ilipoanza. Alipomwona mwanamke mgeni anasita mbele ya bomba, na mtoto mgongoni, akainuka akamwendea, akaanza kumweleza tangu mwanzo.